Fundi Anayefanya Kazi Mara Moja Tu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya watu wa fani mbalimbali, wengi wao si wanasayansi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa tu kukohoa na kutafuta miwani.

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Walionialika waliniomba nizungumzie vimeng'enya vinavyokarabati DNA. Nikawaambia mzigo huo haubebeki kwa saa moja. Seli ya binadamu ina zaidi ya jeni 100 zinazoshughulika na ukarabati, na nikizitaja zote mtaondoka hapa na orodha ya vifupisho na maumivu ya kichwa. Kwa hiyo nimekuja na kimoja. Kinaitwa MGMT. Ni kidogo, asidi amino 207 tu zilizoungana mnyororo mmoja, na jeni yake iko kwenye kromosomu ya 10. Nimekichagua kwa sababu ya tabia yake: hufanya kazi mara moja, halafu hufa.

Nyuki akishamuuma mtu, mwiba hubaki kwenye ngozi na yeye habari yake imekwisha. Shikeni picha hiyo, maana karibu kila kitu nitakachosema leo, cha kuponya na cha kuua, kinatokana na hapo.

Kwanza uharibifu wenyewe. DNA huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. A hukaa mkabala na T, na G hukaa mkabala na C, kama vidato vya ngazi iliyosokotwa. Wengi hudhani DNA ni ngumu kama jiwe, kwa sababu husikia polisi wameipata kwenye damu iliyokauka. Ndani ya seli iliyo hai mambo ni mengine. DNA imezama kwenye maji yenye joto la nyuzi 37, na kemikali zinaigonga kutwa kucha. Mwanakemia wa Sweden, Tomas Lindahl, ndiye aliyeanza kuupima uozo huo kwa makini miaka ya 1970. Kwa makadirio yanayotokana na kazi hiyo, kila seli ya binadamu hupoteza herufi zipatazo 10,000 kwa siku, zinazong'oka zenyewe bila kuguswa na sumu yoyote. Hapo hatujamgusa mvuta sigara.

Mgonjwa wetu leo ni herufi G. Kwenye kona yake moja, ile wanakemia waliyoipa namba 6, kuna atomi ya oksijeni. Wakati mwingine kundi dogo liitwalo methili, kaboni moja na hidrojeni tatu, hudandia hapo. Atomi nne tu. Lakini kona hiyo ndiyo G anayotumia kumshika mwenzake C, na ikishazibwa, mkono haufiki tena. Mashine inayonakili DNA ikipita inaisoma G hiyo kana kwamba ni A, nayo inaweka T mbele yake. Nakala inayofuata inaweka A mbele ya T hiyo. Kilichokuwa G na C kimekuwa A na T, moja kwa moja, na seli haina habari kwamba imeibiwa, maana A na T ni jozi halali kabisa.

Methili hizo hutoka wapi? Nyingine hutoka nyumbani: seli yenyewe ina molekuli inayogawa methili kwa kazi halali, na mara chache molekuli hiyo humwaga pasipostahili. Nyingine hutoka kwenye nitrosamini, na moshi wa tumbaku umejaa hizo. Na nyingine, kama mtakavyoona, hutoka kwa daktari, kwa makusudi.

Sasa tukitazame kimeng'enya kikiwa kazini. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uzuri wote.

DNA ina mifereji miwili inayoizunguka, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Protini nyingi zinazosoma DNA huingilia kwenye ule mpana. MGMT kinaingilia kwenye mwembamba. Kinajibandika pale, kisha herufi iliyochafuka inageuzwa na kutokeza nje kabisa ya ngazi, na kuingia kwenye kishimo kilichomo ndani ya protini. Pale ilipotoka pamebaki pengo, na kidato kilichobaki peke yake hakina mwenza. Kwa hiyo asidi amino mojawapo ya kimeng'enya, arginini iliyo nafasi ya 128, inachomekwa pale kama kidole kushikilia nafasi. Ndani ya kishimo herufi inakutana na sisteini ya nafasi ya 145. Sisteini hii ina atomi ya salfa, na salfa hiyo inalichomoa lile kundi la methili kutoka kwenye oksijeni na kulibeba yenyewe. Herufi inarudi mahali pake. Imekuwa G kama ilivyozaliwa.

Angalieni ambacho hakikufanyika. Mafundi wengine wa DNA hukata kipande kibovu, huita wengine walete herufi mpya, huita wengine tena washone. MGMT hakikati kitu. Kinafuta doa kwenye ukurasa bila kuuchana.

Ila doa limehamia kwake. Salfa ikishaishika methili haiiachii, na seli haina njia ya kuitoa. Umbo la protini linalegea, seli inakibandika alama ya ubikwitini, ambayo maana yake ni kwamba kitu hiki kitupwe, na mashine iitwayo proteasomu inakisagasaga. Asidi amino 207 zimetolewa kafara ili kuondoa atomi nne. Mimi kila nikiitazama hesabu hii hujiambia kwamba seli, ambayo ni bahili kwa karibu kila kitu, haiwezi kulipa gharama hiyo kwa kosa dogo.

Wakemia wenye msimamo mkali watakuambia kitu cha namna hii si kimeng'enya. Kimeng'enya kwa ufafanuzi wao hutoka kwenye kazi kikiwa kizima na kurudia mara elfu. Wana hoja. Nami nitaendelea kukiita kimeng'enya kwa sababu ndivyo watu wa fani wanavyokiita wakiwa kazini, ila hoja yao iliwahi kunigharimu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa kazi ya kupima nguvu ya protini hii. Unaweka DNA yenye methili zilizotiwa hidrojeni ya mionzi, unaongeza kimeng'enya, unasubiri, kisha unapeleka chupa ndogo kwenye mashine ya kuhesabu mionzi uone methili ngapi zimehamia. Mimi niliweka kimeng'enya kidogo na DNA nyingi, kama nilivyofundishwa kwa vimeng'enya vingine, nikasubiri namba zipande. Zilipanda kwa dakika chache zikasimama. Nikabadilisha chumvi. Nikabadilisha joto. Nikalaumu friji. Wiki kadhaa baadaye mzee mmoja wa maabara alipita nyuma yangu, akatazama mchoro wangu uliolala kama meza, akauliza, "Sasa wewe ulitaka wafufuke?" Kimeng'enya changu kilikuwa kimekwisha. Idadi ya methili zilizohama ilikuwa ndiyo idadi ya molekuli nilizoweka, basi.

Na kwa kweli hivyo ndivyo jambo lenyewe lilivyogunduliwa, ila kwa watu wenye akili zaidi. Mwaka 1977 Leona Samson na John Cairns walichapisha jaribio walilofanya kwa bakteria aina ya E. koli. Waliwapa dozi ndogo sana ya kemikali inayopachika methili, kisha dozi kubwa. Bakteria waliokuwa wamezoeshwa walistahimili, wakafa kidogo na kubadilika kidogo kuliko wenzao. Walikuwa wametengeneza kitu. Lakini majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba kitu hicho kina kikomo: ukizidisha dozi, ulinzi unaisha ghafla, kama akiba iliyomalizika ghalani. Mwaka 1980 Olsson na Lindahl wakaonyesha methili zinakokwenda: zinaishia kwenye sisteini ya protini yenyewe. Hesabu ya akiba ikaeleweka. Lindahl alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Mkumbuke jina la Modrich, tutakutana naye tena.

Kila seli, basi, ina idadi fulani ya mafundi hawa, na ikitumika inabidi itengeneze wapya. Ini lina wengi. Uboho wa mifupa una wachache. Ubongo nao una wachache. Tofauti hizo si za kitabuni, nitazirudia.

Sasa nifike kwenye ugonjwa, na kabla sijafika naomba niondoe mkanganyiko mmoja ambao huwasumbua hata wanafunzi wa udaktari. Kuna methili mbili katika hadithi hii. Methili ya kwanza ndiyo ile inayokaa kwenye oksijeni ya G: hiyo ni uchafu. Methili ya pili hukaa kwenye herufi C, mahali tofauti kabisa, na seli yenyewe ndiyo inayoiweka kwa mpango ili kufunga jeni isisomwe: hiyo ni kufuli. Kemikali ni ileile. Moja imeangukia kwenye maandishi na kuyaharibu, nyingine imewekwa mlangoni. Na hapa pana kinaya ambacho sijakichoka kwa miaka yote hii: jeni ya MGMT, jeni inayotengeneza protini ya kuondoa methili, hufungwa kwa methili. Kufuli zikirundikana kwenye sehemu ya kuwashia jeni hiyo, jeni inanyamaza. Haijavunjika, haijakatwa, kila herufi ipo. Ila mafundi hawatengenezwi tena.

Seli iliyonyamazisha jeni hii inaachiwa makosa yake. Katika saratani ya utumbo mpana, uvimbe ambao jeni ya MGMT imefungwa huwa na mabadiliko ya G kuwa A kwenye jeni ya KRAS mara nyingi zaidi kuliko uvimbe mwingine, na KRAS ikibadilika huwa kama mguu uliokwama kwenye mafuta ya gari. Kinyume chake pia kimepimwa: mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba panya waliotiwa MGMT ya ziada kwenye tezi ya thaimasi walikingwa na saratani ya tezi hiyo hata walipochomwa sindano ya kemikali ya methili. Hadi hapa ningeweza kuwaambia MGMT ni rafiki, mkapiga makofi, tukaenda zetu.

Lakini kuna glioblastoma.

Hii ni saratani ya ubongo iliyo kali kuliko nyingi mnazozijua. Hupenyeza mizizi kwenye ubongo hivi kwamba daktari mpasuaji hawezi kuitoa yote. Kwa miaka mingi kilichobaki baada ya upasuaji kilikuwa mionzi. Kisha ikaja temozolomidi, dawa iliyoanzia kwenye maabara ya Malcolm Stevens katika Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham. Ni kidonge. Kinavuka tumbo salama kwa sababu hakisumbuliwi na asidi, kinapita ukuta unaozuia dawa nyingi kuingia ubongoni, na kikifika kwenye mazingira yasiyo na asidi kinafumuka chenyewe na kuachia nini? Methili. Ile ile tuliyoilaani dakika kumi zilizopita.

Methili nyingi za dawa hii huangukia kona nyingine za herufi, ambako mafundi wengine huzisafisha bila shida kubwa. Chini ya 10 katika kila 100 ndizo huangukia oksijeni ya G. Hizo chache ndizo zinazoua. Na namna zinavyoua ni jambo la ajabu, kwa sababu muuaji ni fundi mwingine.

Hapa ndipo Modrich anaingia. Yeye aliuchambua mfumo unaokagua nakala mpya za DNA na kurekebisha jozi zisizolingana. Mkaguzi huyu akiona G yenye methili imekaa na T, anajua kuna kosa, ila kwa kawaida yake hulaumu uzi mpya, si ule wa zamani. Anaikata T. Pengo linajazwa. Linajazwa na nini? Na T tena, kwa sababu G bado ina doa. Anaikata tena. Wanajaza tena. Kazi isiyo na mwisho, na DNA imebaki na mianya, na seli ikijaribu kugawanyika upya nyuzi zote mbili zinakatika. Seli inakufa. Kwa hiyo dawa inapachika doa tu. Kinachoua ni ukaidi wa mkaguzi.

Isipokuwa MGMT kifike kwanza. Kikifika, kinafuta doa kabla mkaguzi hajaliona, na seli ya saratani inaendelea kuishi, imekarabatiwa vizuri sana.

Mwaka 2005 zilitoka taarifa mbili kwa pamoja. Ya kwanza, iliyoongozwa na Roger Stupp, ilihusu wagonjwa 573. Waliopata mionzi pekee, nusu yao walivuka miezi 12.1. Waliopata mionzi pamoja na temozolomidi, nusu yao walivuka miezi 14.6. Mtu asiye na mgonjwa nyumbani anaweza kusema miezi miwili na nusu ni nini. Ya pili, ya Monika Hegi na wenzake, ilichukua vipande vya uvimbe wa wagonjwa haohao na kuuliza: jeni ya MGMT imefungwa au iko wazi? Katika vipande 206 vilivyopimika, asilimia 45 ilikuwa imefungwa. Kwa hao, dawa ilisogeza ule mpaka wa nusu kutoka miezi 15.3 hadi 21.7. Kwa wale ambao jeni ilikuwa wazi, ulitoka miezi 11.8 hadi 12.7. Dawa moja, ugonjwa wenye jina moja, na tofauti yote imejificha kwenye kama mlango wa jeni moja una kufuli au hauna. Manel Esteller na wenzake walikuwa wameshaona dalili ya jambo hili mwaka 2000 kwa dawa nyingine ya jamii hiyo.

Kipimo chenyewe nimekifanya kwa mikono yangu mara nyingi, kwa hiyo niwaonyeshe. Unachukua kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta, chembamba kama ganda la kitunguu. Unatoa DNA. Unaiweka kwenye chumvi iitwayo bisalfaiti, ambayo inageuza kila C kuwa herufi nyingine, isipokuwa C iliyovaa methili. Kufuli ndiyo inayoilinda. Kisha unasoma: palipobaki C, palikuwa na kufuli. Kazi ya siku moja au mbili. Majibu huandikwa kwa mstari mmoja kwenye fomu, na ajabu ya mstari huo ni kwamba daktari anafurahi akiona fundi hayupo. Kilekile ambacho kabla ya saratani tungekiita balaa, sasa ndicho tunachokiombea. Kwa wagonjwa wazee ambao hawawezi kubeba tiba zote mbili, mstari huo ndio humsaidia daktari kuchagua kati ya kidonge na mionzi.

Najua swali lililo vichwani mwenu: kwa nini basi tusikiue kimeng'enya hicho kwa wale ambao kwao kiko? Limejaribiwa. Kwa kuwa kila molekuli hufanya kazi mara moja, huhitaji kuivunja. Itegee chambo tu. Kuna kemikali, benzilgwanini, iliyo kama G yenye doa la bandia. MGMT kinaichukua, kinabeba doa, kinakufa. Mzinga mzima wa nyuki unauma gogo. Seli inabaki mikono mitupu, kisha unaleta temozolomidi.

Ila chambo hakichagui seli. Uboho wa mifupa, ambao niliwaambia una mafundi wachache tangu mwanzo, unapokonywa hata hao, na chembe za damu zinaporomoka. Ikabidi dozi ya temozolomidi ipunguzwe sana, na kwa glioblastoma iliyokwisha kuikaidi dawa, matokeo hayakuridhisha. Wapo walioamua kuulinda uboho: walichukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, wakazipa jeni ya MGMT iliyobadilishwa asidi amino moja tu, ya nafasi ya 140, ili isidanganyike na chambo, wakazirudisha mwilini. Imefanyika kwa wagonjwa wachache huko Seattle. Ni ufundi mkubwa, na haujawa tiba ya kila siku.

Nimalizie na panya, maana wao ndio walionisumbua zaidi. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la panya wasio na MGMT. Sindano ndogo ya kemikali ya methili, ambayo panya wa kawaida huistahimili, iliwaua. Kisha wakatengeneza panya waliokosa MGMT na pia kukosa MLH1, mmoja wa wale wakaguzi wa Modrich. Mngetarajia hali iwe mbaya maradufu. Panya hao waliishi. Sindano ileile haikuwaua, kwa sababu hakukuwa na mkaguzi wa kukatakata DNA yao. Wakaonekana wazima. Halafu uvimbe ukaanza kuota, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila doa lililopachikwa lilikuwa limeachwa likageuka badiliko la kudumu.

Jambo lilelile limeonekana kwa binadamu. Baadhi ya uvimbe wa ubongo unaorudi baada ya temozolomidi huwa umepoteza mkaguzi mwingine wa kundi hilo, MSH6. Dawa inaendelea kupachika methili, hakuna anayezifuta, hakuna anayezikata. Ukisoma DNA ya uvimbe huo unakuta mabadiliko kwa maelfu, na karibu yote ni ya aina moja: palipokuwa na G sasa pana A. Mwandiko wa dawa yenyewe. Siku hizi, uvimbe ukirudi na maabara ikaukuta mwandiko huo, daktari anajua kwamba kidonge kilekile hakitamfaa tena mgonjwa huyo, hata kama ile fomu ya kwanza ilisema jeni imefungwa.

Naona mkono umenyooshwa pale nyuma tangu nilipotaja panya. Karibu, uliza.